Risala ya Kamati ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Darasa la Saba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa chama na serikali, viongozi wa dini, walimu, wazazi na ninyi wahitimu wetu: asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika mwenyewe. Tumezoea kupokea wawakilishi. Tunawaheshimu, ila mwakilishi husema "nitafikisha", na mambo huishia hapo.

Shule yetu ilianzishwa enzi za vijiji vya ujamaa, chini ya mwembe ambao bado upo nyuma ya jiko la uji. Kitaaluma tunatisha: mwaka jana tuliongoza kata nzima kwa somo la Kiswahili, kata yenye shule tatu. Kimichezo, timu ya netiboli iliitikisa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na kutoa mchezaji wa akiba wa timu ya wilaya. Mafanikio ni mengi, muda ni mchache.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuingie kwenye jambo lenyewe. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani una watu 1,098,668. Sensa ya 2022 ikakuta 2,024,947. Katika miaka kumi mkoa umekaribia kuwa mara mbili, na si kwamba tumezaana kiasi hicho. Watu wamehamia. Wapo waliokimbia kodi za nyumba za Dar es Salaam wakanunua viwanja kwetu, wapo waliofuata ajira kwenye viwanda vilivyojipanga kando ya Barabara ya Kilwa. Mashamba ya mikorosho yamekatwa viwanja. Wenyeji hatulalamiki: tumeuza ardhi, tumepangisha vyumba, mama lishe hawana nafasi ya kukaa, na viwanda vinalipa ushuru wa huduma. Uchumi umekua. Shule ndiyo imebaki ile ile.

Anayehamia haji na kitanda na jiko peke yake, anakuja na watoto. Tangu elimu bila ada ianze 2016 hakuna mtoto wa kurudishwa getini, wala hatutaki arudishwe. Mwongozo unasema wanafunzi 45 kwa chumba. Darasa letu la kwanza limeshapita mara tatu ya hapo, tukaligawa zamu mbili. Matokeo yake, mama anayeingia kiwandani saa kumi na mbili asubuhi anamwacha mtoto wa zamu ya mchana peke yake hadi saa sita. Wapo waliolazimika kuacha kazi kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo tukisema upungufu wa madarasa unagusa hadi uzalishaji viwandani, hatutii chumvi. Na mtoto huyo wa darasa la kwanza, ifikapo 2050 inayotajwa kwenye Dira ya Taifa, atakuwa na miaka thelathini na kitu. Nguvukazi inayosemwa humo ni yeye.

Wazazi hawakukaa kusubiri. Ng'ambo ya barabara tulichanga, tukafyatua tofali, tukainua boma la vyumba vinne hadi kwenye lenta, ili shule igawanywe na watoto wa upande ule waache kupishana na malori kila siku. Tukaambiwa tuishie hapo, wadau watapaua. Mgeni rasmi mmoja akaja kuweka jiwe la msingi. Aliyemfuata akaahidi mabati mbele ya hadhara hii hii, tukampigia makofi na vigelegele. Jiwe lipo, wiki hii tumelifuta vumbi. Ndani ya chumba cha pili umeota mpapai, umeshapita lenta na mwaka huu umezaa. Mvua nazo zimeanza kula tofali za juu. Hatusemi kwamba waheshimiwa wale walitudanganya. Tunasema mpapai umewawahi.

Ombi letu ni moja: kupaua boma hilo. Tunahitaji mbao za kenchi, mabati ya geji 28, misumari na fundi. Sakafu, plasta na madirisha wazazi tumekubaliana kumalizia wenyewe, na muhtasari wa kikao tumeuambatanisha. Mwaka jana tuliomba mambo saba, kuanzia uzio hadi mashine ya kudurufu, tukapata mipira miwili. Mipira tunaishukuru na watoto wanaichezea. Safari hii tumeyafuta mengine yote, ombi lisije likachanganywa.

Tunaomba pia, kwa heshima zote, ahadi ya leo iwe na tarehe. Katibu ameandaa fomu, ipo mezani mbele yako pamoja na kalamu. Halafu tumebadilisha ratiba kidogo: baada ya risala hii tutavuka barabara pamoja nawe kwenda kuliona boma, ndipo turudi kwenye vyeti na pilau.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Shule