Babu na nguzo ya kilimani: barua kutoka Dehradun

Baba, shikamoo.

Natumaini wewe, mama na wadogo zangu mu wazima. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inaishinda ya kwetu Mlalo mwezi wa saba. Asubuhi navaa masweta mawili na vidole bado vinakataa kushika kalamu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini upimaji ardhi niufuate India, si Ulaya. Jibu lake ni refu, ndiyo maana nakuandikia. Mji huu uko chini ya Himalaya, na hapa ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Upimaji ya India. Upimaji mkubwa wa nchi hii ulianzia Madras mwaka 1802, Mwingereza William Lambton alipoanza kuipima nchi kwa pembetatu zinazoegemeana, kutoka kusini kupanda kaskazini. Teodolaiti yake, chombo chenye darubini cha kupimia pembe, ilikuwa na uzito wa karibu nusu tani. Nusu tani, Baba, na ilipandishwa vilimani! Majina ya walioipandisha siyakuti popote ninaposoma. Hapo ndipo nilipomkumbuka babu.

Yuko mmoja ambaye jina lake limebaki: Nain Singh Rawat, mwalimu wa shule kutoka kijiji cha Milam, karibu na mpaka wa Tibet. Tibet ilikuwa haiwaruhusu Wazungu kuingia, basi afisa mmoja wa upimaji wa Waingereza, Thomas Montgomerie, akaona awatume watu wa milimani wenyewe wakijifanya wafanyabiashara na mahujaji. Mwaka 1863 Nain Singh na binamu yake Mani Singh waliletwa hapa hapa Dehradun kufundishwa. Walizoezwa kutembea kwa hatua za urefu mmoja, hatua 2,000 kwa maili, iwe mlima au mteremko. Tasbihi ya Wabuddha ina punje 108. Ya Nain Singh ilikuwa na 100. Kila hatua 100, punje moja. Karatasi za hesabu alizificha ndani ya gurudumu la sala, lile ambalo Wabuddha hulizungusha mkononi wakisali. Zebaki aliibeba ndani ya kauri zilizozibwa kwa nta, na usiku aliimimina kwenye bakuli iwe kioo kilicholala sawasawa, apate kupima pembe ya nyota. Kauri, Baba, kama zile zinazookotwa pwani ya kwetu!

Kimo cha mahali alikipata kwa kuchemsha maji na kutazama kipimajoto, kwa kuwa kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Mwambie mama, ndiyo sababu maharage yetu huchelewa kuiva.

Januari 1866 aliingia Lhasa, mji mkuu wa Tibet. Safari nzima, takriban maili 1,200, aliihesabu kwa miguu, akijua kwamba wakimgundua wanaweza kumuua. Jumapili iliyopita nilipanda kwa miguu njia ya Mussoorie, mji ulio mlimani juu ya hapa, nikaamua kuhesabu kama yeye. Mpita njia alinisalimia, nikaitika, na hesabu ikapotea kabla haijafika elfu. Tangu siku hiyo namheshimu mara mbili.

Kwa muda mrefu ripoti zilimtaja kwa cheo tu, "Pandit", yaani msomi, ili siri isivuje. Mwaka 1877 ndipo Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilipompa nishani ya dhahabu. Sisahau kwamba ramani zile zilichorwa kwa faida ya mtawala. Mwaka 1904 jeshi la Waingereza liliingia Lhasa kwa silaha. Jambo hilo linaniuma, na bado siwezi kuacha kumpenda mtu yule.

Sasa ombi langu. Babu alikuwa akitusimulia alivyombebea Mwingereza sanduku la darubini hadi kwenye ile nguzo ya saruji ya wapimaji juu ya shamba letu, na kwamba walikuwa wengi. Sisi watoto tulicheka tu, tukaikalia nguzo tukila mapera. Babu mdogo bado yupo. Nenda kwake, Baba, kabla ya mvua za masika. Muulize walikuwa akina nani, walilala wapi, walilipwa nini, na nani hakurudi. Andika majina yote kwenye daftari, hata yale ya utani, kisha mdogo wangu ayapige picha anitumie.

Nisalimie bibi. Mwambie shali lake nimeshalinunua, la sufu, jekundu kama alivyotaka.

Mwanao, kifungua mimba wako.