Kamera za mkanda zisigeuzwe mapambo, bado zinapiga picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalonisikitisha kila ninapopita kwenye maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na hata kwenye kumbi za baadhi ya hoteli za huku kwetu Tanga. Kamera za mkanda, zile zile zilizopiga picha za harusi, mahafali na mikutano ya hadhara ya wazazi wetu, zimepangwa rafuni kama mapambo, na nyingine zimetobolewa ili zigeuzwe taa za mezani. Moja niliyoishika mwenyewe ilikuwa FED ya Kisovieti. Tundu la kupitishia waya wa umeme lilikuwa limetobolewa kwenye bamba la chini, mahali hasa unapokaa mtambo wa kusogeza mkanda, ilhali lenzi yake haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mwenye duka alinieleza kwa upole kwamba kamera ile haikuwa na kazi nyingine kwa kuwa mikanda haitengenezwi tena. Kauli hiyo si kweli, na kwa sababu naisikia kila mahali nimeona niijibu hadharani.

Ninazozitetea hasa ni kamera zenye kipima-umbali, kwa sababu ndizo ninazozitumia na ndizo zinazoharibiwa zaidi kutokana na uzuri wa umbo lake. Kamera hizi hazina kioo cha ndani kinachopanda na kushuka kila unapofyatua. Mpiga picha hatazami kupitia lenzi, bali kupitia kidirisha kidogo kilicho juu yake, na katikati ya kidirisha hicho huona doa hafifu lenye taswira ya pili ya kile anachokitazama. Anapozungusha lenzi, taswira ile ya pili husogea, na pale pua ya mtu iliyoonekana mbili inapokuwa moja, umbali umepatikana. Kazi yote hiyo hufanywa na vioo vidogo na wenzo unaosukumwa na nyuma ya lenzi, bila betri wala programu yoyote. Kwa kuwa hakuna kioo kinachojipigiza ndani, mlio wake ni mdogo mno, na ndiyo maana hadi leo sijaona kamera inayofaa zaidi msikitini wakati wa kufungisha ndoa, au katika kikao cha wazee ambao hawapendi kukatizwa.

Leica ya kwanza kuunganisha kipima-umbali na lenzi yake ilitoka mwaka 1932 katika kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Muda si mrefu Wasovieti wakaanza kuinakili: FED ilianza kutengenezwa mjini Kharkiv, Ukraine, mwaka 1934, na Zorki ikafuata mwaka 1948 katika kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow. Zorki-4 peke yake, iliyotoka kuanzia mwaka 1956 hadi 1973, ilitengenezwa kwa zaidi ya milioni moja na nusu. Nyingine zilifika kwetu mikononi mwa vijana waliokwenda kusoma Urusi, wakiwamo wale wa Chuo Kikuu cha Urafiki cha Moscow kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Zorki-4 ninayoitumia mimi ilikuwa ya marehemu mjomba wangu, aliyerudi nayo kutoka masomoni. Wajapani nao walileta zao, kama vile Canonet, na Yashica Electro 35 ya mwaka 1966, ambayo naamini bado imo katika makabati mengi ya nyumba zetu.

Ndiyo maana nawaomba wenye kamera hizo wasiwe wepesi wa kuziuza kwa bei ya kutupa. Mitambo ya aina hii huuawa na kukaa bure kuliko kutumika: grisi hukauka, kitambaa cha shata, yaani pazia linalofunguka na kujifunga ili mwanga ufike kwenye mkanda, hukakamaa, na kwa unyevunyevu wa pwani kuvu huota kwenye lenzi kama nyuzi za buibui. Kuvu ikikaa sana hula kioo chenyewe, na hapo hakuna fundi atakayeirudisha. Kuikagua kamera hakuhitaji utaalamu mkubwa. Ivute, yaani uzungushe kitufe cha kusogeza mkanda hadi mwisho, ufyatue kwa kila kasi ya shata, usikilize kama sekunde moja inasikika kuwa sekunde moja kweli. Elekeza kidirisha kwenye kitu cha mbali sana, kwa mfano mnara wa simu au meli iliyotia nanga nje ya bandari, ukiwa umezungusha lenzi hadi mwisho. Taswira mbili zisipokutana, fundi mzuri hurekebisha kwa skrubu ndogo bila kuifumua kamera nzima. Kisha ondoa lenzi, fungua mgongo, uielekeze kwenye balbu ukiwa gizani: ukiona vitone vya mwanga kwenye pazia la shata, ujue kitambaa kimetoboka na kinahitaji kubadilishwa au kuzibwa.

Matundu hayo, kwa kweli, mara nyingi ni kazi ya jua letu. Kamera isiyo na kioo cha ndani haina kinachokinga pazia lake, hivyo ukiiacha juu ya meza lenzi ikiwa wazi na ikitazama jua, miale hukusanywa mahali pamoja na kukichoma kitambaa kwa muda mfupi sana. Mwenye kamera ya namna hii anapaswa kuwa na mazoea ya kurudisha kifuniko cha lenzi kila anapomaliza, na mazoea makubwa zaidi ya kukumbuka kukitoa kabla ya kupiga, kwa sababu kidirisha kitamwonyesha kila kitu vizuri hata kama lenzi imefunikwa gubigubi. Kwa wenye Zorki na FED kuna sharti jingine ambalo naliandika hapa kwa msisitizo: kasi ya shata isibadilishwe kabla ya kuvuta mkanda. Vuta kwanza, ndipo uzungushe namba. Kamera nyingi zinazopelekwa kwa mafundi zikiwa zimekwama zilikwamishwa na mtu aliyerithi kamera bila kurithi maelekezo yake.

Wenye Yashica Electro 35 wana tatizo tofauti, kwa kuwa shata yake huongozwa na umeme, na betri ya zebaki iliyokusudiwa haitengenezwi tena. Hata hivyo betri ya volti 6, ikiwekewa springi au kipande cha chuma cha kujazia nafasi iliyobaki, huiwasha vizuri kabisa. Kabla hujaitangaza kuwa imekufa, fungua mfuniko wa betri uangalie kama kuna kutu ya kijani, uisafishe kwa siki kidogo kwenye pamba, uache pakauke, kisha ujaribu tena.

Nirudi kwenye suala la mkanda. Ni kweli kwamba Kodak iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2012, na ni kweli kwamba mashine za kusafishia picha za rangi zilizokuwa katika kila mji zimeondolewa moja baada ya nyingine. Lakini Kodak na Ilford wanaendelea kutengeneza mikanda hadi leo, Leica waliirudisha sokoni M6 yao ya mkanda mwaka 2022, na mwaka 2024 Pentax wakatoa kamera mpya kabisa ya mkanda. Mkanda ni ghali kwetu, hilo silifichi, hasa kwa sababu lazima uagizwe kutoka nje. Lakini picha 36 zilizofikiriwa ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa na mkanda wa kasi ya 400 (yaani wepesi wake wa kunasa mwanga) na jua kali la mchana, weka shata kwenye 1/500 ya sekunde na kitundu cha lenzi kwenye namba 16, hutahitaji kipimo chochote cha mwanga. Mimi napendelea asubuhi na alasiri, kwa kuwa jua la saa sita huku kwetu huchimba vivuli vyeusi chini ya nyusi na kumzeesha kila anayepigwa.

Mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe unaweza kusafishwa nyumbani, jikoni au bafuni, kwa kopo lisilopenya mwanga, dawa mbili na maji mengi. Ugumu wetu ni joto. Maelekezo ya dawa nyingi yameandikwa kwa nyuzi 20, ilhali maji ya bomba ya Tanga mwezi Februari huwa na joto zaidi ya hapo kwa mbali, na dawa ikiwa moto picha hutoka nzito na zenye chembechembe kubwa. Dawa hiyo huwekwa ndani ya beseni la barafu hadi ishuke, kisha maji ya kusuuzia nayo hupozwa ili utando wa mkanda usishtuke kwa mabadiliko ya ghafla. Wazee wa studio walilijua hili vizuri, na studio kama Capital Art ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilifanya kazi hiyo katika hali ya hewa hii hii tuliyonayo.

Ninachoogopa kwa dhati ni kuondoka kwa mafundi. Waliopo wengi ni wazee, baadhi yao wakiwa mafundi saa waliojifunza kamera pembeni, na sijamwona hata mmoja mwenye mwanafunzi. Kamera inaweza kusubiri kabatini miaka mingine kumi, lakini mkono unaojua kukata pazia jipya na kulibandika sawasawa hausubiri. Naomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na vyuo vinavyofundisha upigaji picha wafikirie kuwaita mafundi hao, hata kwa muhula mmoja, wafundishe vijana kufungua na kufunga mtambo wa kamera kama wanavyofundishwa kufungua injini ya pikipiki. Nawe Mhariri, kwa kuwa gazeti lako lina wapiga picha wastaafu waliofanya kazi kwa mkanda miaka mingi, nakuomba uwatume waandishi wako kwa mafundi hao na kwa wastaafu hao, wachukue maelezo yao kwa kirefu na kuyachapisha pamoja na mahali wanapopatikana, ili mwenye kamera iliyokwama ajue aende kwa nani.

Wako msomaji na mpiga picha,
Chumbageni, Tanga