Simu kuvishwa kikuba si ulimbukeni

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu mzee wetu mmoja aliyeandika kulalamika kuwa vijana wa siku hizi malimbukeni, ati simu wanazisinga na kuzipamba kama biarusi anayengoja kutolewa ukumbini, wanazilaza mezani wanazipiga vidio wanazitia mtandaoni, kazi hawana. Barua ile niliisoma kwa sauti nyumbani, mama yuko jikoni anakuna nazi, akaitikia huko huko, "hapo umeandikwa weye."

Na kweli ndio mie. Naishi Jang'ombe, nasuka ukili na kushona vipochi vya simu, na vile vikamba vya shanga vya kutundikia simu mkononi. Hizo vidio anazozisema mzee, wenyewe tunaziita setapu, ndio duka langu, maana sina fremu ya duka pale sokoni Darajani wala pesa ya kulipia kodi ya fremu. Kwa asiyejua, setapu ni kuionesha simu yako ilivyovaa, kava lake, kamba yake, ukiiwasha ile picha ya nyuma imeendana na rangi ya kava, ikoni zimekaa kwa mpango, saa na kalenda juu, yote sekunde kumi na tano ishirini basi. Wenye Android walikuwa wakijipangia tokea zamani kwa zile apu za kubadilisha sura ya simu, wenye iPhone ndio walichelewa, mpaka 2020 ilipokuja iOS 14, programu inayoendesha iPhone, wakaruhusiwa kuweka widjeti, vile vibao vya saa na kalenda, kwenye skrini ya mbele, hapo ndipo watu wakaingia wazimu, na kwetu wazimu ukafika umechelewa kidogo kama boti ya jioni lakini ukafika.

Mzee kuna kitu hakukiona. Kwenye vidio hizi mtu haoneshi sura. Baba yangu hataki sura yangu izagae mitandaoni na mie sina haja ya kugombana nae kwa hilo, naonesha mikono tu, nimetia hina au piko, mkono unaingia unaishika simu unaigeuza unatoka. Wateja wangu wengine wako Maskati hawajawahi kuniona usoni, wananijua kwa vidole. Wasichana wengi wa hapa wangependa kufanya biashara mtandaoni wakakwama hapo pa sura, na hii ndio njia waliyoipata, kwa hiyo tukiitwa wajishaua inauma kidogo, unajishaua vipi na hujaonekana?

Halafu hilo la kazi hawana. Jamani! Ile sekunde ishirini mie hunichukua tokea alasiri mpaka karibu na magharibi. Kwanza zinatakiwa simu mbili, ya kupigwa vidio na ya kupigia, ya kupigwa ni yangu na ya kupigia ni ya kaka, na kaka hana muda ila ule muda ambao marafiki zake wote wanampigia, nimeshapanga kila kitu mkono umeshaingia mara simu inalia, "uko wapi mwanangu". Kupiga kutoka juu nako zile stendi za kuinamisha sina, nachukua ndoo mbili nazipindua, juu naweka ubao, simu ya kaka nailaza pale kamera imechomoza nje ya ubao inatazama chini, na mkia wake naukandamiza na kilo ya sukari. Akipita mtu kwa kishindo tu picha inatikisika, unaanza upya.

Taa ndio iliyonitoa jasho. Nilikuwa nikifatisha vidio za mafunzo za Wamarekani, wao wanapiga usiku chumbani kwao picha safi kabisa, mie nikipiga usiku sebuleni kwetu na taa yetu inatoka michirizi ya kiza inapanda juu kama maji ya kujaa na kupwa. Nikabadilisha balbu. Nikanunua ile taa ya duara, michirizi ile ile. Nikailaumu simu ya kaka mpaka tukanuniana. Kuja kuambiwa na kijana mmoja fundi simu pale Darajani, akanambia dada simu nzima, umeme wetu ni hezi 50, yaani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na taa inakolea na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona, na weye unarekodi fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde (fremu ya vidio hiyo si ya duka), 100 haigawiki kwa 30. Marekani umeme wao hezi 60, ndio maana 30 kwao inakaa sawa. Akaniwekea 25, michirizi ikaondoka pale pale, sikuamini. Kwenye iPhone ipo kwenye setingi za kamera, penye kurekodi vidio, unawasha PAL, ule mfumo wa vidio wa nchi za hezi 50, halafu unachagua 25. Kwenye Android nyingi unaingia kwenye ile kamera ya kupanga mwenyewe unaweka spidi ya shata, yaani muda kamera inaofungua jicho, sekunde 1/50 au 1/100, nyengine ina sehemu ya kuzuia taa kumeta unachagua hezi 50. Mwaka mzima nimefatisha mafunzo ya watu ambao hata umeme wao si umeme wetu!

Siku hizi hata hiyo taa ya duara nimempa mtoto wa dada anasomea. Mwangaza wa dirishani saa kumi na moja jioni haununuliwi, jua limeshalala, unaukinga kwa pazia jepesi unakuwa laini kama tui la pili. Saa sita mchana usijaribu, hasa musimu wa kaskazi, simu ikiachwa juani inapata moto skrini inafifia yenyewe na nyengine inajizima. Wanaokwenda kupigia pwani mchanga uko juu yao, mie siendi. Na kioo cha kamera kifuteni jamani, nusu ya vidio zinazoonekana kama zimepigwa ndani ya moshi ni mafuta ya nazi tu ya vidole, futa na kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka imelainika, mpya ina wanga.

Skrini nayo ina visa vyake. Ukiipunguza mwanga sana kamera inaiona inametameta, ukiipandisha inakuwa nyeupe pee hakuna kinachosomeka, sasa unaipandisha kiasi halafu kwenye simu ya kupigia unabonyeza na kushikilia kidole pale penye skrini mpaka ijifunge, ndio unateremsha mwanga kwa kidole. Na iache nafasi, ile picha ya kusimama 9 kwa 16 chini kunakaa maandishi na kulia kunakaa vidude vya laiki na komenti, ukiweka kipochi chako pale chini wateja hawakioni.

Lakini kubwa ni kuwa skrini iliyozimwa ni kioo, wallahi ni kioo. Vidio yangu ya tatu nilishaitia, nimekaa natizama komenti, mtu ananambia "dada nyuma yako kuna mtu". Kutazama vizuri, ndani ya weusi wa simu anaonekana mama anakatiza ukumbini kichwa wazi na kaniki amejifunga kifuani. Niliifuta mikono inatetemeka na mama mpaka leo hajui, akisoma hapa ndio atajua, mama nisamehe. Tokea hapo nyuma ya kamera natundika baibui langu, jeusi tii, skrini haina cha kuakisi.

Binamu yangu yeye aliponzwa na meseji. Anarekodi setapu yake ya Infinix, kava jipya na wolpepa ya jahazi, imependeza, mara juu ikateremka meseji ya pesa za simu na salio lake lote linasomeka, nae hakuona akaitia hivyo hivyo. Mpaka usiku jamaa watatu wameshamkopa na mmoja amenuna. Siku hizi kabla ya kurekodi anaweka hali ya ndege. Na wanaojirekodi wakifungua simu kwa kuchora patani mbele ya kamera, hao siwasemi, Mungu awastiri.

Sasa nikubaliane na mzee pahala pamoja. Aliposema vidio zote zinafanana kasema kweli. Meza nyeupe, maua ya plastiki, mshumaa, kikombe cha kahawa ambacho hakina kahawa, ukiizima sauti hujui kama mtu yuko Mpendae au yuko Seoul. Mie mwenyewe nilianza hivyo hivyo, nilinunua ua la plastiki elfu tano nikalilaza pembeni ya simu, laiki kumi na moja, sita za watu wa nyumbani. Siku moja maua yamepotea nikatandika busati la bibi la ukindu, lile la zambarau na kijani lililopauka kidogo, pembeni nikaweka kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, alichokinunua mama kwa ajili ya harusi ya jirani, asumini bado inatota maji, nyuma chetezo kinafuka udi kidogo tu, moshi ule ukipita mbele ya dirisha unaonekana uzi uzi. Vipochi vyote saba viliondoka siku ile na watu wanauliza na busati je linauzwa.

Kanga inapendeza kuliko vyote lakini kanga ina mdomo. Nilitandika upande mmoja mwekundu, nikalaza simu, nikapiga, nikatia, sikusoma jina. Kumbe limetokea lote chini ya simu, HASIDI HANA SABABU, na mie wiki ile ile nimetofautiana na jirani yangu wa mlango wa pili kwa jambo la kamba ya kuanikia nguo. Basi shoga hakunijibu salamu wiki mbili. Nikituma ujumbe kuwa ile ni mandhari tu, anajibu "mandhari imesomeka". Ikabidi mama abebe bakuli la kaimati aende mwenyewe, wakae, waongee ya zamani, ndio yakaisha. Siku hizi naikunja kanga napata pindo na vile viua vya kwenye mji wa katikati, jina nalificha kwa chini.

Ndio kazi yetu hiyo mzee wangu. Sijakasirika na barua yako, umenipatia mada. Nimesikia, kwa wanaokujua, kuwa weye bado unatumia simu ya vibonye na umeifunga mpira mwekundu ili betri isidondoke. Hiyo ndio setapu haswa. Ilete hapa kwetu Jang'ombe siku yoyote baada ya alasiri, nitaitandikia busati la bibi, uso wako hautoonekana, nioneshe mkono tu ukiufungua ule mpira. Na saa ukiwa nayo ya zamani ya mkanda wa chuma uivae.

Msuka ukili,
Jang'ombe, Unguja