Mwanangu ananiambia "si wewe"

Mama mshauri,

Jambo. Unisamehe kama barua hii haina mpango. Umeme ulirudi usiku wa manane, nikaamka kuchaji simu, na tangu hapo usingizi umekataa. Bebe ananyonya, mimi naandika kwa kidole kimoja.

Nianze na lile linaloniuma. Mtoto wangu wa kwanza, mvulana, ana miaka minne. Juzi alipata homa usiku, mwili wote moto, akawa analia kwa sauti ya kukwaruza. Nikaenda mbio na beseni la maji na kitambaa. Nikainama nimnyanyue. Akanisukuma mkono, akasema: "Si wewe. Kambo." Kambo ndiyo bibi yake, mama mkwe wangu. Mama mkwe alikuwa kando yake kitandani, akafungua mikono tu, mtoto akajilaza pale akanyamaza. Mimi nimesimama na beseni. Mama mkwe hakusema neno. Angesema chochote, hata cha kuudhi, ningepata la kumjibu.

Sasa usinichukulie kama wale wanawake wanaokuandikia wakiwasema vibaya mama wakwe zao. Huyu ni mtu mwema. Nilimwita mimi mwenyewe mwezi ule wa mimba wa mwisho, mvua zilipokuwa kali, kwa sababu mama yangu mzazi yuko Kalemie na ana wagonjwa wake huko, na baba watoto yuko Kolwezi kwenye mine, mgodini. Maisha ya wake wa watu wa mine unayajua. Mume anarudi mwisho wa mwezi akiruhusiwa, na akifika siku ya kwanza ni ya kulala tu, ya pili ni ya kupanga safari. Kwa hiyo mama mkwe alikuja hapa Lubumbashi kutoka Likasi, akaniogesha kwa maji ya moto, akanipikia uji, akamwogesha bebe kamba ya kitovu haijadondoka bado. Sina deni la kumkana.

Lakini yule mkubwa alikuwa wangu.

Suala la kulala lilianza hivi. Kitanda chetu ni kimoja, bebe alikuwa analia kila saa, na kijana alikuwa anapiga mateke. Mama mkwe akasema, "Mwache alale kwangu, wewe upumzike." Nikakubali. Na ningekataaje? Wewe uliwahi kulala katikati ya wawili, mmoja anatafuta ziwa upande huu, mwingine anakupiga magoti mgongoni? Yeyote angekubali. Ilikuwa ya siku chache. Sasa bebe ana miezi saba, anakaa mwenyewe, na kijana hajarudi kitandani kwangu hata usiku mmoja.

Na si kulala tu. Asubuhi anayemfunga vifungo ni Kambo. Bukari, yaani ugali, haliwi mpaka Kambo amkatie tonge. Nikimpa kiatu anakipeleka kule avishwe. Chai yenye sukari nyingi kabla ya kula chochote, nilisema hapana, nikajibiwa kwamba baba yake alikulia chai hiyo hiyo. Kweli alikua, na meno yake yote yapo, sikuwa na la kuongeza.

Nadhani najua ilipoanzia. Bebe alipokuwa na miezi mitatu alishikwa na kwikwi, mama mkwe akataka kumpa maji kwa kijiko. Nikakataa. Kwenye kituo cha afya walituambia kila siku ya kupima uzito: miezi sita ya kwanza maziwa ya mama peke yake, maji hapana, uji hapana. Alinuna, akasema amelea saba. Mimi nikashikilia, na sijuti, mtoto hajaharisha hata mara moja. Ila tangu siku hiyo hakumgusa bebe sana tena. Aligeukia yule mkubwa. Kama mtu aliyesema moyoni, basi, chukua huyo, mimi nachukua huyu. Labda nawaza vibaya. Usiku unawaza mengi.

Kijana naye amebadilika. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani zamani, sasa ameanza tena. Anataka nimfunge mgongoni kwa kikwembe, mtoto mzito vile, miguu inaning'inia. Siku moja nilimkuta amelala kwenye mkeka wa bebe, kijiko cha bebe mdomoni, macho ameyafunga. Nilicheka, halafu sikucheka. Na anamfinya mdogo wake. Anangoja nigeuke niangalie mbabula, jiko letu la makaa, nasikia kilio, nikirudi yeye anatazama ukuta. Siku moja nilimpiga kofi la mkononi, kofi la mama yeyote, hata alama halikuacha. Mama mkwe akamshika mkono, akamtoa nje kwenye lupango, uani, majirani wote wanasikia, akamwambia: "Twende zetu. Mama yako ana mtoto wake."

Ana mtoto wake! Na huyu ni wa nani? Nilimzaa kwa siku nzima na usiku, waulize waliokuwepo.

Muuguzi mmoja nilimweleza. Aliniambia ni kawaida, mtoto akipata mdogo wake anarudi nyuma kidogo, anataka naye awe bebe, na dawa yake ni kumtengea muda wa peke yake, hata kidogo, bebe akiwa amelala. Alisema kwa upole, na naamini anajua. Lakini bebe akilala ndipo nafua. Ndipo napanga bidoni, maana bomba linatoa maji alfajiri tu, na usipokuwa wa kwanza unabaki kuangalia. Ndipo nawasha makala ya kupikia kwa sababu umeme umekwenda. Huo muda wa peke yake nikiutafuta, naukuta Kambo ameshautumia. Anakaa naye kwenye ngazi, anamenya karanga, wanahadithiana. Wanapendana, unaona? Hilo ndilo baya lake. Angekuwa anamtesa ningejua la kufanya.

Halafu kuna hili jambo la Likasi.

Mama mkwe anataka kurudi kwake kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Ana nyumba yake, ana mpangaji anayechelewesha falanga, ana bustani. Ni haki yake. Lakini wamekwisha kupanga, yeye na mwanawe, kwamba kijana aende naye. "Mwaka mmoja tu, mpaka bebe atembee." Mimi nilisikia nikiwa napika sombe, simu imewekwa sauti ya juu, simu ya mama mkwe, si yangu. Baba yao anasema hapa maternele, shule ya watoto wadogo kabla ya primeri, wanadai malipo kila mwezi, ile shule ya bure iliyoanza 2019 ni ya primeri, na huko Likasi wifi yangu anafundisha maternele, mtoto ataingia kwa nafuu na atakwenda na kurudi na shangazi yake. Hesabu yake ni nzuri, sikatai. Akamaliza: "Na wewe utapumzika." Mimi nikasema "mm." Nilikuwa na mwiko mkononi na bebe mgongoni. Sasa wanasema nilikubali.

Wewe hunijui na sitakutana nawe sokoni, kwa hiyo nikuambie. Jioni ile aliposema hivyo, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa uchungu. Niliwaza usiku mmoja bila kufua shuka lenye mkojo. Niliwaza kurudi kwenye meza yangu soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nguo za watoto za mitumba zimekaa kwenye saki tangu mimba ilipokuwa kubwa, na zinazovaliwa wakati wa baridi zimeshapita msimu. Niliwaza bebe hatafinywa. Niliwaza hivyo kwa muda mzuri kabisa. Kisha ndipo usiku wa homa ukaja, akaniambia si wewe, na tangu hapo nikisikia neno Likasi tumbo linakaza.

Watu wananiambia mbona si jambo geni, sisi sote tumelelewa na kambo zetu. Kweli. Mimi mwenyewe nilikaa kwa bibi yangu mpaka nikaanza primeri, sikufa, nilikula vizuri, nilipendwa. Nilipomrudia mama nilimwita dada kwa muda mrefu. Yeye aliitika tu. Sikuwahi kumuuliza iliishaje moyoni mwake, na sasa ningependa kumuuliza, lakini simu ya Kalemie na mambo ya wagonjwa, haikai vizuri.

Kijana mwenyewe ukimuuliza anasema Likasi kuna embe. Mti uko kwenye lupango ya Kambo, alioneshwa picha. Mtoto wa miaka minne atachagua embe, nani hajui hilo? Nilimwambia embe hazijaiva saa hii, akasema atangoja chini ya mti.

Likasi si mbali, ni kilomita mia na ishirini hivi. Baba yao anasema utamwona kila wikendi ukitaka. Nitamwona na nauli ipi? Na bebe mgongoni kwenye barabara ile ya malori ya shaba? Yeye anayepita njia hiyo hiyo kutoka Kolwezi anapita Likasi kabla ya kufika kwangu. Hilo nalo nimeliwaza usiku huu. Atamwona mama yake na mtoto wake njiani. Kwangu atafika amechoka.

Usiniambie nikae na mume wangu tuongee. Naongea naye. Unite za simu zinaisha, mtandao unakatika, na mama yake yuko chumbani anasikia. Nikisema mtoto abaki, jibu ni moja: "Kwani mama amekukosea nini?" Na hajanikosea kitu! Hapo ndipo nakwama. Sina kosa la kumtaja. Nitasema nini, kwamba mwanangu anampenda? Kanisani mama mmoja aliniambia nishukuru Mungu nina mtu wa kunisaidia, wengine hawana. Nashukuru. Kila siku nashukuru, mpaka mdomo umechoka.

Nataka mama mkwe arudi kwake na mtoto abaki. Nataka hivyo. Lakini akiondoka mwenyewe, bebe nitamwacha na nani nikirudi sokoni? Binti wa kulipa simwamini na bebe wa umri huu, na falanga yake itatoka wapi kabla meza haijaanza kuuza. Kwa hiyo ningependa akae mpaka bebe atembee, ila kijana alale kwangu. Ila akikaa, kijana hatalala kwangu. Ila pengine kama angekaa akamshika bebe, mimi nikamshika mkubwa, tungebadilishana. Hilo halijasemwa na mtu yeyote. Unaonaje, linaweza kusemwa? Na lisemwe na nani, mimi au mwanawe? Maana nikilisema mimi, na nilimkataza kijiko cha maji, atakumbuka kijiko.

Au nimwache aende huo mwaka mmoja, nipate nguvu, kisha nimchukue? Lakini je, mtoto aliyekwishasema "si wewe" akiwa na miaka minne, atasema nini akiwa na mitano? Wewe umesoma barua nyingi za watu, je, wanarudi? Si mwili. Mwili najua utarudi, bisi za kusafiria zipo.

Nijibu mapema tafadhali. Baba yao anafika Jumamosi na wameniambia nipange nguo za mtoto. Nimefua zile za baridi na kuzianika, kwa sababu zilikuwa chafu tu. Mama mkwe ameziona kwenye kamba akafurahi. Kama utazungumza naye kwa njia yoyote, sijakubali.

Mama wa wawili,
Katuba, Lubumbashi