Mwezi wako wa kwanza hatukubebeshi vyuma vizito, na hela yako hatujaila

Wiki iliyopita dada mmoja alisimama pale mapokezi ya gym yetu mbele za watu akasema tumekula hela yake. Amekuja siku tatu, na siku zote tatu hajaloa jasho wala hajagusa chuma, kazi yake imekuwa kukaa kwenye benchi na kusimama, kusukuma ukuta, kutembea kwenye mashine huku anaongea na kocha. "Haya si ningefanya nyumbani bure?" Kuna watu wawili walikuwa wanajiandikisha muda ule, wote wakageuka. Sikumjibu vizuri kwa sababu nilikuwa na kikundi ndani kinanisubiri, kwahiyo najibu hapa, maana sio yeye tu, lalamiko hili haliishi kila mwezi lazima aje mtu nalo.

Naanza na jasho kwa sababu ndio watu wanapimia. Jasho ni mwili unajipoza, basi. Kuna bwana alikuwa anakuja na jaketi la nailoni amelifunga mpaka shingoni, anakimbia nalo, akitoka anapanda mizani anafurahi kilo imepungua, akishakunywa maji kilo imerudi. Nilimwambia mara mbili hakusikia, siku ya nne akashikwa kizunguzungu kwenye mashine, tukamlaza miguu juu na kumpepea. Tangu hapo jaketi hizo haziingii kwetu na sitaki mjadala.

Sasa hiyo kukaa na kusimama. Ukiwa unakaa na kunyanyuka kocha anaangalia magoti yako, yanaingia ndani au yananyooka na vidole vya mguu, kisigino kinabaki chini au kinanyanyuka, mgongo unapinda wapi, mguu upi unaubebesha zaidi bila kujijua. Ile ni skwati yenyewe ila bila mzigo. Ukiipata pale, chuma kikija baadae kinakukuta uko tayari, usipoipata basi tunakubebesha kosa lako na kilo juu yake. Na mazungumzo kwenye mashine sio umbea, tunapima pumzi. Ukiweza kuongea sentensi nzima ila kuimba huwezi, hapo ndio mwendo wa wastani tunaoutaka, ukianza kutoa neno moja moja tunapunguza kasi.

Kuna watu wananiambia kocha mbona wiki ya pili nilikuwa nasikia nina nguvu kabisa ukanizuia. Ndio, unasikia nguvu, na ni za kweli. Mtu aliyekaa miaka bila mazoezi akianza, zile wiki za mwanzo nguvu zinapanda haraka mpaka anajishangaa, damubeli iliyokuwa inamtetemesha juzi leo anaichezea. Anadhani msuli umekua. Haujakua, au umekua kidogo sana, kilichobadilika zaidi ni ubongo na mishipa ya fahamu vimejifunza kuuamsha ule msuli uliokuwa umelala. Lakini kano, zile kamba zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, zenyewe zinaenda taratibu sana, damu inayofika kule ni kidogo, zinataka miezi. Kwahiyo hapo katikati nguvu ipo ila kano hazijafika. Wengi ninaowapokea wameumia hawajaumia siku ya kwanza, wameumia wiki ya tatu mpaka ya sita, wakati wanajiona wako vizuri na wameanza kuongeza mzigo kila siku.

Kaka mmoja alikuja kujiandikisha, akauliza bei, akasema ni ghali, akaondoka kwenda kukimbia mwenyewe. Sina shida na hilo, kukimbia ni bure na ni zoezi zuri. Ila alianza na kilomita 5 kila siku, mtu ambaye mwaka mzima safari yake ndefu ni kutoka kwenye gari mpaka kwenye kiti. Wiki ya tatu ugoko ukaanza kuuma, akaukanda akaendelea nao, wiki ya tano hakanyagi. Daktari akakuta mfupa umeanza kupata ufa, akamsimamisha wiki 8. Alirudi kwetu baada ya hapo, tukamuanzisha dakika moja kukimbia na mbili kutembea, siku 3 kwa wiki, na hela aliyotumia kwa daktari na picha ilikuwa imeshazidi ile aliyoikataa kwetu.

Mwingine, na huyu namsema kwa uchungu kwa sababu alikuwa mteja wetu. Wiki yake ya kwanza aliona tunamchelewesha, usiku akajiunga na wenzake kwenye shindano la kwenye simu, skwati 300 kwa mkupuo. Alimaliza. Kesho yake miguu imekaza kama mti, hilo la kukaza ni kawaida, ukianza zoezi jipya maumivu ya msuli yanapanda siku ya pili na ya tatu alafu yanashuka yenyewe. Lakini yeye mapaja yalivimba na mkojo ukatoka rangi ya kahawa. Nilipomsikia kwenye simu nilimwambia aende hospitali saa hiyo hiyo asisubiri kukuche. Msuli ukipondwa kupita kiasi unamwaga vitu vyake kwenye damu na figo ndio zinaelemewa. Alilazwa, akawekewa dripu, akapona. Ukiona mkojo wa namna hiyo baada ya mazoezi usinipigie mimi kwanza, nenda hospitali.

Kwahiyo mwezi wa kwanza kwetu seti, yaani zile rudio unazofanya kwa mkupuo kabla ya kupumzika, unaimaliza ukiwa unajua ungeongeza rudio tatu au nne. Kocha atakuuliza, kumi ndio mwisho wa uwezo wako, hapa uko ngapi? Tunataka usikie 5 au 6. Usitudanganye useme 5 wakati ni 9 ili tukuongeze, uso unaonekana.

Na ile fomu ya maswali ya afya jamani ijazeni kweli. Watu wanapita na kalamu hapana hapana hapana mpaka chini. Mama mmoja aliandika hana dawa yoyote, kumbe anatumia za presha na zake ni zile zinazoshikilia mapigo ya moyo yasipande. Tulikuwa tunamhesabia mapigo tunaona yako chini tunamuongezea mwendo, na yeye anaona aibu kusema amechoka. Angesema tungeacha mapigo tukafuata pumzi, ambayo ndio tunafanya naye sasa hivi na anaendelea vizuri sana.

Bei. Mwezi wa kwanza ni ghali kuliko inayofuata na sitapunguza. Kocha mmoja anashika watu wanne tu, baadae mkishajua anashika kumi na mbili, ndio maana inashuka. Anayesema aruke mwezi wa kwanza aingie moja kwa moja kwenye kikundi kikubwa anaokoa hela siku hiyo, ila mle ndani hakuna wa kumuangalia goti. Mwaka jana nilikubali kwa wawili kwa sababu walinibembeleza, mmoja aliacha kabla mwezi haujaisha, wa pili aliumia bega. Sikubali tena.

Na siku saba kwa wiki hatuuzi kwa anayeanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Ukizigawa hazitishi hata kidogo, na hata dakika chache chache za kutembea zinahesabika. Kuna watafiti wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya, matokeo yakachapishwa 2010, katikati ilichukua siku 66 tabia kuwa ya kawaida, wengine 18, wengine hadi 254, na kuruka siku moja hakukuharibu. Ndio maana ukikosa jumatano hatukufidishii kwa mazoezi ya siku mbili alhamisi, unaendelea ulipoishia.

Dada niliyeanza naye, nafasi yako ipo na wiki zako zilizobaki ziko palepale, kuanzia jumatatu nitakushika mimi mwenyewe. Na wapya mnaokuja kwa tathmini, njooni na viatu mnavyovaa kila siku, msinunue vipya kwanza, tunataka kuona soli imelika upande gani.