Alivaa kiatu kimoja, siku ikaisha

Mshauri, salamu nyingi.

Naandika kuhusu mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 26, na huu ni mwaka wa tano tangu tuambiwe ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti ambazo sisi hatuzisikii. Mwaka huu amekosa kliniki mara nne. Kwenye faili lake huandikwa neno moja tu, "hakufika". Nyumbani nasi tuna letu: mkaidi. Nimeanza kuona kwamba maneno yote mawili hayaelezi kitu.

Chukua mara ya mwisho. Usiku alipiga pasi shati lake mwenyewe, akaniomba nimwamshe mapema. Saa kumi na mbili nikamwamsha, akaoga, akaanza kuvaa, nami nikaenda kazini moyo umetulia. Niliporudi jioni nilimkuta ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi, kadi ya kliniki imechomoza mfukoni mwa shati. Nikauliza kulikoni. Akasema, "Dada, nilikuwa naenda." Hakuwa ananidanganya. Nilifoka, nakiri. Baadaye ndipo nilipokuja kuelewa kwamba ugonjwa huu hauleti sauti tu, unakausha pia ile nguvu ya kuanza jambo na kulifikisha mwisho, na vidonge vinavyotuliza sauti haviirudishi nguvu hiyo kwa urahisi. Alitaka kwenda. Kutaka kwenyewe ndiko hakukuweza kumnyanyua.

Mara iliyotangulia ilikuwa kisa kingine kabisa. Tulifika pamoja. Baada ya saa mbili kwenye benchi akasema anatoka kidogo anyooshe miguu, asirudi. Nikajua ni watu, maana huwa anaamini walio kwenye foleni wanamsema. Kumbe kulikuwa na la pili: dozi yake ya haloperidoli, ile dawa ya kutuliza sauti, ilikuwa imepandishwa, na miguu haikumpa nafasi ya kukaa, anasema ni kama sisimizi wanatembea ndani ya mifupa. Hali hiyo inaitwa akathisia, ni athari ya dawa inayojulikana, na daktari anaweza kuipunguza. Ila ili ipunguzwe ilimpasa aketi benchini asubiri zamu yake. Mtu ambaye hawezi kuketi!

Kuna siku pia alikosa kwa sababu dawa ya usiku ilimlaza hadi karibu adhuhuri. Hilo lilikuwa dogo. Tulimuuliza muuguzi, saa ya kumeza ikarudishwa nyuma, likaisha.

Linalonitesa ni hili. Zipo siku hukataa katakata: "Kliniki ni ya wagonjwa. Mimi naumwa nini?" Nilidhani ni aibu, au kiburi. Nimesoma kwamba kwa wengi wenye skizofrenia ubongo wenyewe hushindwa kuuona ugonjwa wake, na hali hiyo madaktari huiita anosognozia. Kwa hiyo miaka yote hiyo nimekuwa nikibishana na mtu juu ya kitu ambacho yeye hakioni kabisa, na mimi nikipandisha sauti ili akione.

Nilipochoka kubishana nikamdanganya. Nilimwambia anisindikize nikatengeneze simu. Tulipokata kona akaliona lango la hospitali, lile lile aliloingizwa mara ya kwanza akiwa amefungwa mikono na kushikwa na watu wanne. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, akaingia, akaonana na daktari, tukarudi. Siku kumi na moja hakusema nami. Huyu ni mtu ambaye akizidiwa husikia kwamba watu wake wa karibu wanamfanyia njama, nami nilikwenda nikaifanya njama yenyewe.

Wala huko ndani hakumvutii. Kila safari anakutana na daktari mgeni, anayefungua faili na kuanza upya: "Bado unasikia sauti?" Dakika chache, karatasi ya dawa, tarehe nyingine. Aliporudi baada ya kukosa alikaripiwa mbele ya foleni nzima. Aliniambia, "Nikienda nasemwa, nisipoenda nasemwa. Bora nisemwe nikiwa nimelala." Nilicheka, naye akacheka, na kwa kweli sikuwa na jibu.

Ninachokiogopa nakijua. Akikosa tarehe, vidonge huisha, na kwa wiki kadhaa huonekana mzima kuliko sisi: halali mchana, mate hayamtoki, anatania. Wazazi wanasema, si unaona amepona. Halafu anaanza kuziba nyufa za dirisha kwa magazeti. Imetokea mara mbili, na mara zote mbili alilazwa.

Daktari mmoja alitaja sindano inayokaa mwilini muda mrefu. Nimeambiwa zipo za kila wiki 2 hadi 4, na nyingine za miezi 3. Ingetuondolea ugomvi wa vidonge vya kila siku, lakini nayo ina tarehe yake, na nahofia ataiona ni kamba nyingine mikononi. Nimshawishi, au ningoje aiulizie mwenyewe? Je, nikimwendea daktari peke yangu nikamweleza habari ya kiatu na ya benchi, nitakuwa nimemsaidia au nimemsaliti mara ya pili? Na kuomba aonwe na daktari yule yule kila safari, au aruhusiwe kusubiri nje mpaka aitwe, huombwa kwa nani bila kuonekana tunataka upendeleo?

Halafu kuna ule uongo wangu. Sijamwomba radhi. Kila nikitaka kuanza naona nitamrudisha pale langoni.

Tarehe yake ni Alhamisi ijayo, na vidonge vilivyobaki ni vya siku sita. Nimeshaomba ruhusa kazini. Jumatano usiku najua atatoa pasi. Nimwambie nini?

Dada yake