Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: mataa yasiyoiona baiskeli

Mheshimiwa Waziri,

Najua lalamiko linalokufikia mara nyingi: waendesha baiskeli hawaheshimu mataa. Wapo wa namna hiyo, na anayechomoka kwa kasi mbele ya watu wanaovuka atozwe faini kama mwingine yeyote. Simtetei.

Lakini yako makutano ambayo taa haibadiliki mpaka ijue gari limefika. Chini ya lami, karibu na mstari wa kusimama, hufukiwa waya uliozungushwa. Gari likisimama juu yake, chuma chake huathiri mkondo wa umeme uliomo kwenye waya na taa ikatambua kuna anayesubiri. Baiskeli ikisimama katikati ya mzunguko huo, mara nyingi haihesabiki. Alfajiri, barabara tupu, unaitazama nyekundu isiyokwisha hadi atokee dereva nyuma yako. Sheria inasema subiri. Mtambo wala haujui kama upo.

Na kijani ikiwaka, muda wake umepimwa kwa mwendo wa gari. Kwa kilomita 15 kwa saa, makutano yenye upana wa mita 30 huchukua sekunde 7 hivi kuyavuka. Ukiingia kijani ikiwa ukingoni, upande wa pili unaweza kuruhusiwa nawe uko katikati bado. Hujavunja sheria yoyote, ila honi zote ni zako.

Jimbo la Idaho, Marekani, tangu 1982 linamruhusu mwendesha baiskeli kuichukulia alama ya kusimama kama ya kutoa njia. Leo hata penye nyekundu, akishasimama na kuona ni salama, hupita. Paris mwaka 2015 iliruhusu baiskeli zipite nyekundu kwenye makutano yaliyowekewa kibao maalumu, mradi zimpishe anayetembea kwa miguu.

Nami naomba hivyo: asimame kabisa, awapishe wote, ndipo apite. Kwenye barabara pana zenye njia nyingi ruhusa hiyo isiwepo. Huko baiskeli ziwashiwe kijani sekunde chache kabla ya magari, maana dereva wa lori anayekata kona hamwoni aliye ubavuni mwake.

Muswada utachukua muda, naelewa. Ila mafundi wanaweza kuongeza wepesi wa vitambuzi hivyo, na kuchora alama ndogo ya baiskeli pale hasa waya ulipopita, tujue pa kusimama. Hiyo ni rangi tu, Mheshimiwa, haingoji Bunge. Naomba nijibiwe lini itaanza kuchorwa.

Wako mtiifu,
Mwendesha baiskeli